Kampeni yenu haina usiku

"Shikamoo mzee. Sisi ni watu sita hapa Mbeya: walimu wanne, fundi simu wa Mwanjelwa na dada mmoja wa benki. Mwaka mzima tumecheza mchezo wa vita wa mezani, mapambano ya enzi za Napoleon, kila mara pambano moja linaloanza na kuisha siku hiyohiyo, na tulifurahia sana. Vinyago vya askari vya kununua hatuna. Batalioni yetu ni kizibo cha soda chenye punje nne za maharage, na punje inatolewa kila batalioni inapoumia. Mwezi wa Juni tukaanza kampeni, yaani vita nzima ya mapambano yanayofuatana, ile ya Ujerumani ya mwaka 1813, kwenye ramani kubwa ya karatasi za manila. Imeharibika. Wiki tatu za kwanza hakuna aliyepigana, kwa sababu kila Napoleon akisogea Washirika (Urusi, Prussia na wenzao) wanakimbia. Wiki ya nne tukapata pambano, lakini kori tatu, yaani vikosi vikubwa vya batalioni nyingi, dhidi ya moja, na mwenye moja akaona hakuna haja hata ya kupanga meza. Wiki ya tano likaja pambano la maana, likala Jumapili mbili, na lilipoisha kori za pande zote mbili zilikuwa zimebaki kama nusu. Tangu hapo hakuna anayethubutu kusogea. Wenzangu wanasema turudi kwenye mapambano ya siku moja. Je, kampeni ni kitu cha vitabuni tu, au kuna mahali tumekosea?"

Marahaba mwanangu, na uwape salamu wenzako wote watano.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Hofu yako naielewa. Mlikuwa na mchezo mzuri, mkaukuza, sasa mnaona kama mmeuua. Hamjauua. Kati ya mambo matatu unayoyalalamikia, mawili ni dalili kwamba kampeni ilikuwa imeanza kufanya kazi yake. La tatu ndilo kosa, na mtalirekebisha bila kununua chochote.

(Neno lenyewe, kampeni, lina taabu zake. Mwaka mmoja mke wangu aliwaambia majirani kwamba Jumapili hizi nipo kwenye kampeni, na kabla jua halijazama balozi wa nyumba kumi alishafika kuniuliza nagombea kata gani.)

Pambano la siku moja ni mechi ya kirafiki. Unamchezesha kila mtu, unashambulia mpaka dakika ya mwisho, mshambuliaji wako akivunjika mguu unasikitika kidogo, basi. Kampeni ni ligi. Jumatano kuna mechi nyingine, na mguu uliovunjika Jumapili haujapona. Hilo nadhani mmeshalihisi, ndiyo maana hakuna anayethubutu kusogea. Ila ligi ina siku za mapumziko kati ya mechi, na ninyi hamna. Kwa jinsi nilivyoielewa barua yako, mnapigana mpaka jioni, mnafunga daftari, mnafungua ukurasa wa kesho asubuhi. Kampeni yenu haina usiku. Na usiku ndiko kampeni inakoishi.

Nikupe mfano ambao nitaurudia mara kadhaa, nao ni wa 1815 ingawa ninyi mnacheza 1813. Tarehe 16 Juni Napoleon aliwapiga Waprussia (Wajerumani wa ufalme wa Prussia) wa jenerali Blücher pale Ligny, kusini mwa Brussels. Ulikuwa ushindi wa kweli. Blücher mwenyewe aliangukiwa na farasi wake, na wapanda farasi wa adui wakampita gizani bila kumtambua. Waprussia walipoteza watu wapatao 16,000, na usiku huo elfu kadhaa wengine wakatoroka kuelekea mashariki. Mezani kwenu jeshi hilo lingefutwa daftarini, chai ingemiminwa, na kila mtu angekwenda kwake akijua kampeni imekwisha.

Lakini giza liliingia, na Wafaransa hawakuwakimbiza walioshindwa. Gneisenau, mkuu wa wanadhimu wa Blücher, akaagiza jeshi lirudi kaskazini kuelekea Wavre, upande ambao bado lingeweza kumfikia Wellington, kamanda wa Waingereza na wenzao. Asubuhi wapanda farasi wa Ufaransa wakawafuata watoro kwenye barabara ya Namur wakidhani ndilo jeshi lenyewe. Grouchy, mmoja wa majenerali wakuu wa Napoleon, alikuja kupewa watu wapatao 33,000 na kuambiwa awafuate wakati saa nyingi za tarehe 17 zimeshapotea, halafu ikanyesha mvua kubwa. Tarehe 18 alasiri Waprussia wakatokea ubavuni mwa Napoleon pale Waterloo, mbele yao ikiwa kori ya Bülow ambayo haikuwahi kupigana Ligny hata kidogo.

Sehemu kubwa ya yaliyoamua kampeni ile yalitokea kati ya jua kuzama tarehe 16 na mchana wa tarehe 17, saa ambazo hapakuwa na pambano kubwa popote. Watu walilala, walipotea, walirudi, waliandika barua, walikisia vibaya. Saa hizo ninyi mnaziruka.

Tuanze na kosa lenyewe, yaani maharage. Mnaamini kwamba punje iliyotoka kwenye kizibo imekufa. Batalioni yenu ina watu kama 600, kwa hiyo punje moja ni watu 150. Punje inapotoka, msidhani watu 150 wamelala chini. Wachache wamekufa. Wengi zaidi wamejeruhiwa, na kati yao wapo wa kufungwa kitambaa tu na kurudi mstarini. Wengine wamembeba rafiki kumpeleka nyuma na hawajaona sababu ya kuharakisha kurudi. Wengine wamempoteza ofisa wao, wamejibanza nyuma ya ukuta wa shamba la mtu, na wataibuka moto wa jioni ukishawashwa na supu ikianza kunukia. Sheria za mezani zinawatoa wote kwa pamoja kwa sababu zinajali jambo moja: je, batalioni hii bado inaweza kupigana saa hii? Kwa pambano la siku moja swali hilo linatosha. Kwa kampeni halitoshi hata kidogo.

Mimi nafanya hivi, na namba hizi ni zangu, nimezibadili mara nyingi, nanyi zibadilini. Chukua kori ya batalioni 24, yaani punje 96, iliyopoteza punje 40 na kubakiwa na 56. Kama upande wake ndio ulioshinda na kulala usiku uwanjani, nusu ya zile 40 inarudi asubuhi, robo inarudi baada ya siku kumi za kwenye ramani, robo imekwenda moja kwa moja. Kori inaamka na punje 76, na baadaye inafika 86. Kama imeshindwa lakini ikajiondoa kwa utaratibu, robo inarudi asubuhi, robo nyingine baada ya siku kumi, nusu imekwenda. Inaamka na 66. Na kama imekimbizwa usiku, hakuna anayerudi. Kila kizibo cha wapanda farasi wa mshindi ambao hawakupigana mchana kinarusha dadu moja, na ikitoka 4, 5 au 6 kinaondoa punje nyingine. Hao ni mateka. Wapanda farasi waliokimbiza hawaruhusiwi kusogea siku inayofuata. Mizinga haina miguu: iliyoachwa uwanjani ni ya mshindi.

Piga hesabu upya ya pambano lenu la Jumapili mbili kwa namna hii, utaona majeshi yote mawili yako hai. Utaona na jingine ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Mchezaji anayejua kwamba akijiondoa saa kumi atarudishiwa robo yake, na akingoja mpaka avunjike atakosa hata punje moja, anaanza kuangalia saa. Hapo anaanza kufikiri kama jenerali. Nimewahi kuona mtu mzima akitoka jasho kwenye baridi ya Julai kwa sababu ya kuamua kama aondoke au angoje nusu saa.

Ona pia thamani ya farasi ilivyopanda. Kwenye pambano la siku moja watu huwatumbukiza wapanda farasi wote ifikapo saa saba mchana, kwa kuwa kuwabakiza ni hasara. Napoleon aliingia mwaka wenu wa 1813 akiwa amewaacha farasi wake wengi Urusi, wamekufa kwa njaa, uchovu na baridi. Akashinda Lützen tarehe 2 Mei, akashinda tena Bautzen tarehe 20 na 21 Mei, na mara zote mbili adui akaondoka akiwa mzima kwa sababu Wafaransa hawakuwa na wapanda farasi wa kutosha kuwakimbiza. Ushindi mara mbili, na tarehe 4 Juni yakasainiwa makubaliano ya kusimamisha vita. Linganisha na 1806. Tarehe 14 Oktoba Waprussia walipigwa Jena na Auerstedt siku moja, wakakimbizwa bila kupewa nafasi ya kupumua, na tarehe 27 Napoleon akaingia Berlin. Tofauti ya miaka hiyo miwili ilionekana zaidi jioni, baada ya mapambano kwisha.

Sasa hao Washirika wenu wanaokimbia. Mchezaji huyo nampongeza. Hata kama hakulisoma popote, amejigundulia mwenyewe walichokubaliana Washirika kule Trachenberg mwezi Julai 1813: Napoleon akija mwenyewe, rudi nyuma, wakija marshali wake, yaani majenerali wake wakuu, peke yao, wapige. Ndivyo ilivyokwenda. Oudinot akapigwa Grossbeeren tarehe 23 Agosti, Macdonald akapigwa Katzbach tarehe 26, Ney akapigwa Dennewitz tarehe 6 Septemba. Napoleon mwenyewe alishinda Dresden tarehe 26 na 27 Agosti, lakini askari wake walichoka kwa kukimbizwa huku na huko, na Oktoba Washirika wakamzingira Leipzig. Kwa hiyo wiki zenu tatu bila pambano hazikuwa wiki za bure. Zilikuwa vita. Tatizo ni kwamba kukimbia kwenu hakuna gharama, na kumfuata anayekimbia hakuna gharama pia, basi mnazungukana kama majogoo.

Gharama ya kweli ni chakula. Umewahi kukaa kwenye msiba mkubwa kijijini. Siku ya kwanza sufuria zimejaa. Siku ya tatu wanaanza kuhesabu debe za unga. Siku ya tano majirani wameshatoa walichonacho, na wazee wanatafuta maneno ya upole ya kuwaomba watu waondoke. Majeshi yale yalikula kwa namna hiyo, kwa kuchukua mashambani yalipopita. Kori moja ikitulia mahali siku mbili, sawa. Kori tatu zikikaa pamoja siku mbili, eneo limekwisha. Wekeni sheria fupi: penye kori zaidi ya moja, kuanzia siku ya tatu kila kori inatoa punje mbili kwa siku, na hizo hazirudi. Upande wa pili, chagueni miji mitatu au minne kwenye ramani iwe na maghala, na anayekimbia akayaacha maghala yake naye aanze kupunguza punje. Mtashangaa jinsi watu watakavyoanza kutawanyika ili kula na kukusanyika ili kupigana. Hiyo ndiyo kazi yote ya jenerali wa enzi ile. Ndiyo maana Napoleon aligawa jeshi lake katika kori, kila moja ikiwa jeshi dogo kamili lenye askari wa miguu, farasi na mizinga, la kuweza kujitetea peke yake kwa siku nzima mpaka jirani afike.

Hilo linanileta kwenye pambano la tatu kwa moja ambalo mwenzenu alikataa kulipanga. Hapa wengi wanakosea, na nilikosea mimi pia miaka ya mwanzo: tunadhani pambano lisilo sawa si pambano. Tumezoeshwa na michezo ya siku moja, ambamo pande zote hupewa nguvu sawa ili mtu asione ameonewa. Kwenye kampeni mezani kukiwa na nguvu sawa ujue kuna majenerali wawili waliokosea mahesabu. Kila mmoja alikuwa na nia ya kuja na wengi zaidi.

Rudi 1815, tarehe 16 Juni ileile ya Ligny. Kilomita kama kumi kutoka hapo, kwenye njia panda ya Quatre Bras, watu wapatao 8,000 wa Uholanzi na Nassau walisimama mbele ya Ney mapema mchana, naye akiwa na watu wapatao 20,000 mkononi. Kwenye karatasi wamekwisha. Lakini kazi yao haikuwa kumshinda Ney. Kazi yao ilikuwa kuwepo pale saa moja zaidi, halafu nyingine. Wellington akawa analeta vikosi kimoja kimoja kadiri vilivyofika, na ilipofika jioni alikuwa na zaidi ya 30,000 na njia panda ikabaki mikononi mwake. Ukilipanga pambano hilo mezani na kuuliza nani kaua wengi, linachosha. Ukiuliza kama njia panda itashikiliwa mpaka giza liingie, hutalala.

Kwa hiyo kabla ya kukataa kupanga meza, mwulize aliye mchache anataka nini. Anataka mizinga yake ivuke daraja? Anataka kumchelewesha adui mpaka jioni? Akipata hicho ameshinda, hata akipoteza robo ya punje zake. Ni kweli kwamba mapambano mengine hayafai kupangwa. Batalioni mbili zilizofumaniwa na kori nzima zisiwaharibie Jumapili. Rusheni dadu mbili, andikeni matokeo, endeleeni.

Nikigeukia ramani, barua yako haikutaja refa hata mara moja, na nahofia wote sita mnaizunguka ramani moja mkiona kila kitu. Kama ni hivyo, hapo pana nusu ya ugonjwa. Kumweka mwamuzi katikati si uvumbuzi wangu. Luteni mmoja wa mizinga wa Prussia, Reisswitz, alichapisha mwaka 1824 sheria za mchezo wa vita wa kuwafunzia maofisa, akiendeleza kazi ya baba yake, na moyo wa mchezo ule ulikuwa mwamuzi anayeona yote huku wachezaji wakiona kile tu ambacho macho yao au wapelelezi wao wangekiona. Mmoja wenu akubali kuwa refa. Yeye ndiye atakayekuwa na ramani ya kweli. Wengine kila mmoja awe na ramani yake ndogo yenye makisio yake, na wanaopigana upande mmoja wasikae meza moja.

Simu zenu zitawasaidia kuliko Reisswitz alivyosaidiwa na makaratasi yake. Mchezaji akitaka kumwandikia mwenzake, anaandika kwa refa kwenye WhatsApp, akitaja saa na mahali alipo. Refa anapima umbali na kuushika ujumbe. Mimi natumia kilomita 8 kwa saa mchana na nusu yake usiku, na dadu ikitoka 1 mjumbe amepotea au amekamatwa. Muda ukifika ndipo anautuma. Ujumbe unaosema "njoo haraka, nimezidiwa" ukimfikia mtu saa tatu baada ya kuandikwa, ni ujumbe mwingine kabisa. Siku ileile ya Ligny na Quatre Bras, kori ya Kifaransa ya D'Erlon yenye watu wapatao 20,000 iliitwa upande mmoja, ikageuzwa kurudishwa upande mwingine, na jua likazama haijapigana kokote. Kwenye ramani inayoonwa na wote, jambo kama hilo haliwezi kutokea. Kwa refa mwenye simu litatokea kabla mwezi haujaisha, na mtalisimulia miaka mitano. Angalizo moja: piga marufuku wachezaji kutumiana picha za ramani kichinichini. Kwetu jambo hilo lilitokea, na aliyelifanya aliteuliwa refa wa kampeni iliyofuata. Aliona adhabu hiyo ni kubwa mno.

Barabara nitazipitia haraka kwa sababu wewe ni mtu wa Mbeya, barabara unazijua. Jeshi la kawaida lilitembea kama kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Kutoka Iringa mpaka Mafinga, kilomita takriban 80, wahesabie siku nne, hata kama basi lenu hupita hapo huku abiria wamelala. Wengi wanasahau urefu wa msafara. Lori likikwama Kitonga, wewe uliye mwisho wa foleni hufiki saa moja na aliye mbele, ingawa mko barabara moja na mlianza safari pamoja. Watu 30,000 na mizinga na mikokoteni kwenye njia moja, kichwa kinapoanza kupigana mkia bado uko saa kadhaa nyuma. Basi kori inapoingia mezani isiingie yote. Divisheni moja (sehemu ya kori) ije sasa, ya pili baada ya saa mbili za mchezo, ya tatu jioni. Sisi wa Iringa jambo hili tulilijua bila kusomea Ulaya: tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, ofisa wa Kijerumani Zelewski aliingia na msafara wa askari na wapagazi ukiwa umenyooka njiani, na Wahehe wa Mkwawa wakaupiga ukiwa bado unatembea. Walioko mkiani hawakupata nafasi ya kuwasaidia waliokuwa mbele.

Unauliza kama mrudi kwenye mapambano ya siku moja. Nikujibu kwa haki, maana kampeni ina gharama ambazo wapenzi wake hatupendi kuzitaja. Refa hachezi, na refa mzuri hufanya kazi katikati ya wiki kuliko Jumapili yenyewe. Mko sita na wanne ni walimu, kwa hiyo mitihani ya kusahihisha itakapoanza mtasimama wiki kadhaa, na kampeni iliyosimama wiki nne ni nadra kuamka. Tena 1813 ni kubwa mno kwa kampeni ya kwanza. Majeshi ni mengi, ramani inatoka Prague hadi Berlin, makori ni mengi kuliko vizibo vya duka zima. Kama mngeniuliza Mei, ningewaambia anzeni na 1815: majeshi matatu, siku nne, ramani inayotosha karatasi mbili za manila, na wachezaji watano mnaobaki mnagawana vizuri, wawili kwa Napoleon, mmoja Wellington, wawili Prussia.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wanaidharau, mimi siidharau. Mnapanga mapambano manne au matano yanayofuatana, bila ramani ya kutembeza, na matokeo ya moja ndiyo yanayoamua linalofuata ni lipi na nani anaanza na nini. Ukijiondoa kwa utaratibu leo, Jumapili ijayo unajilinda ukiwa na punje zako nyingi. Ukivunjika, unaanza na walinzi wa nyuma wachache kwenye daraja. Sheria ya maharage inafanya kazi vilevile. Mnachokosa ni ile raha ya kutojua adui yuko wapi, na kwangu hiyo ni hasara kubwa. Lakini kwa kundi lenye ratiba ngumu, kampeni ya namna hii inayoisha ni bora kuliko ya 1813 inayoozea ukutani. Mapambano ya siku moja nayo si kushindwa. Mimi mwenyewe nayacheza, hasa nikiwa nimechoka na watu.

Kuna mambo mawili ambayo barua haitayatibu. La kwanza ni refa asiyewahi kumwona refa mwingine akifanya kazi. Nikikuandikia kurasa kumi atazisoma, na bado siku ya kwanza atashindwa kuamua lini amwambie mtu "unaona vumbi upande wa kaskazini" na lini anyamaze. Huyo anahitaji kuketi kando ya mtu mzoefu Jumapili moja. La pili ni watu kutoaminiana. Kama wale waliopigana Jumapili mbili sasa wanahesabiana punje kwa ukali, au dada wa benki ameacha kuja kwa sababu kila hoja yake inapigiwa kelele, sheria mpya zitawapa tu kitu kipya cha kugombania. Acheni mchezo wiki mbili, mtu mmoja anayeheshimiwa na wote azungumze nao mmoja mmoja, ana kwa ana, pasipo ramani mezani. Msilimalize jambo hilo kwenye kundi la WhatsApp.

Kama hamjafika huko, fanyeni hivi Jumapili hii. Msichane ramani. Chukueni daftari, rudini kwenye jioni ya lile pambano, amueni nani alilala uwanjani, rudisheni punje zinazostahili kurudi, kisha kila mmoja aandike amri moja tu ya usiku ule na kumpa refa. Mkiona amri hizo zimeamsha mabishano mazuri, kampeni yenu ipo hai. Mkiona kila mtu anaangalia saa ya ukutani, ifungeni 1813 kwa amani, na baada ya mitihani mfungue 1815.

Na refa wenu mpya, awaye yote, mpandishe basi aje Iringa Jumamosi yoyote. Nina kampeni inayoendelea sebuleni na kiti kimoja cha ziada. Maharage aje nayo kutoka huko kwenu. Panya wamelipitia jeshi langu lote la Prussia mwezi uliopita, na wale sijawatungia sheria ya kurudi asubuhi.